Askari Mgeni Kwenye Mwalo Wetu

Maneno yaliyotolewa Rumonge mbele ya wakazi wa ufukwe na askari polisi waliowasili karibuni



Nimeombwa niseme juu ya namna askari mpya anavyopangiwa mahali pa kazi. Ningeweza kulimaliza jambo hili kwa dakika tano na kuketi. Askari polisi wa Burundi huajiriwa na taifa, wala si na tarafa. Akihitimu mafunzo husomewa jina, huambiwa kituo, hubeba begi lake na kwenda. Lakini katika mkutano uliopita mama mmoja alisimama pale nyuma akasema maneno ambayo sijaweza kuyasahau. Alisema: «Mwanangu ni polisi. Amezaliwa hapa, amekulia ndani ya mtumbwi, analijua ziwa hili kama anavyoujua uwanja wa nyumba yetu. Wamempeleka Muyinga. Na huyu anayelinda mwalo wetu ametoka milima ya Kayanza. Akiona wimbi hushika shati la mwenzake. Je, wakubwa hawaoni?» Watu walicheka, na mimi nilicheka pamoja nao, na swali likapita bila jibu. Leo nimekuja kulirudisha mahali pake, kwa maana lilikuwa swali la haki, na aliyeliuliza hakuwa anachekesha.

Tuanze na utaratibu wenyewe. Polisi ya Taifa ya Burundi iliundwa kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 2004, ikiwa ni tunda la Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 na mapatano ya kusimamisha vita yaliyoufuata. Iliwakusanya chini ya paa moja watu ambao hapo awali hawakuwahi kula sahani moja: waliokuwa jandarmeri, polisi ya usalama wa raia, polisi ya mipaka na wageni, wapelelezi wa mahakama, pamoja na wapiganaji waliotoka porini. Sheria hiyo iliigawa kazi katika matawi manne, yaani usalama wa ndani, mipaka na wageni, upelelezi wa makosa, na magereza. Kisha muundo huo ukapitiwa upya mwaka 2017. Kwa hiyo anapohitimu kijana, swali la kwanza si wilaya gani wala kilima gani. Swali la kwanza ni kazi gani. La pili ni eneo gani lina upungufu. Ndipo la tatu linakuja, kituo kipi. Nayo majibu yote matatu hutoka juu. Kituo kinaweza kueleza haja yake, lakini hakimchagui mtu.

Juu ya hayo kuna sharti lililozaliwa na historia yetu ya machungu. Mkataba wa Arusha, na baada yake Katiba ya mwaka 2005, viliagiza kwamba vikosi vya ulinzi na usalama visiwe na zaidi ya nusu ya watu wa kabila moja, kwa muda ambao Seneti itaona unafaa. Hesabu hiyo ni ya kikosi kizima, lakini ingekuwa bure kama ingetimia kwenye karatasi za Bujumbura huku kila kituo kikijaa watu wa ukoo mmoja. Kuchanganya askari kunakamilika pale wanapopelekwa, katika posi ndogo ya watu wanne inayolala pamoja, inayopika pamoja, na inayotoka usiku pamoja.

Hayo ndiyo maelezo ya ofisini. Sasa niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kwa sababu wazee wetu hapa hawakuanza kumwona askari mgeni mwaka 2004.

Kiswahili tunachozungumza kwenye ufukwe huu kilitangulia bendera zote; kililetwa na wafanyabiashara wa Ujiji. Bendera ilifuata, na pamoja nayo askari. Mjerumani Wissmann alipounda jeshi lake pwani ya bahari mwaka 1889, wengi wa askari wake aliwachukua Misri, nao walikuwa Wasudani, na wengine aliwatoa Msumbiji. Mwaka 1897 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, na wenyeji wa ziwa wakaamrishwa kwa Kiswahili na watu wasiojua jina la kijito kimoja cha nchi hii. Mwaka 1916 walikuja Wabelgiji na jeshi lao la Kongo, Force Publique. Jeshi hilo lilikuwa limepata maasi makubwa Luluabourg mwaka 1895, na somo ambalo wakubwa wake walilichukua lilikuwa hili: changanya makabila katika kila kikosi, na mpeleke askari mbali na kwao.

Wakoloni hawakuficha sababu. Askari asiye na shangazi mahali pale hatasita akiamriwa kuchoma nyumba. Mgeni alichaguliwa kwa sababu hakuwa na wa kumwonea haya.

Nalisema hili waziwazi mbele ya vijana hawa, wasije wakashangaa wakimwona mzee akibadili njia akiwaona. Kama sababu ya kuwaleta kutoka mbali ingekuwa bado ile ya Mjerumani, yule mama angekuwa na haki ya kupinga, nami ningesimama upande wake. Basi ni lazima tuonyeshe kwamba sababu ya leo ni nyingine. Nami naamini ni nyingine, na hapa Rumonge inaonekana wazi kuliko pengine popote nchini.

Sababu hiyo ni ardhi. Tarehe 29 Aprili 1972 damu ilianza kumwagika kwenye pwani hii hii, hapa Rumonge na kule Nyanza-Lac, na kabla ya mwaka kwisha nchi nzima ilikuwa katika maombolezo. Familia zilivuka kwenda Kigoma na Zaire usiku, nyingine bila hata chungu. Nyingi ziliishia katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, zikazaa huko, zikazika huko. Mashamba yaliyobaki, pamoja na michikichi yake, yakapata watu wengine, na si wote walionyang'anya: wapo waliopewa na dola, wakapewa na karatasi, wakalima kwa miaka thelathini kwa nia njema. Kisha waliokimbia wakarudi, wengi wao katika miaka iliyofuata 2002, na tena kwa wingi kuanzia 2008. Mwaka 2006 iliundwa tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, na baadaye mahakama maalumu. Tangu hapo kila kilima kimekuwa na kesi zake. Nitazameni machoni, ndugu zangu, mniambie: ni familia ngapi katika uwanja huu ambazo hazina upande katika kesi yoyote ya shamba? Naona mikono miwili. Na mmoja ni wa padri.

Sasa mchukue kijana aliyezaliwa kwenye kilima kimoja kati ya hivyo, mvike sare, mpe bunduki, umrudishe hapohapo.

Nilifanya kazi na brigadia mmoja katika tarafa iliyo mbali na hapa. Aliomba kurudishwa kwao kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa, akakubaliwa. Wote tulifurahi. Mwezi wa tatu baba yake mdogo aligombana na familia iliyorudi kutoka Tanzania juu ya mpaka wa shamba, na panga likatolewa. Zamu ilikuwa ya mpwa. Alikwenda, akasikiliza pande zote mbili, akamtia pingu baba yake mdogo, kwa kuwa ndiye aliyeshika panga. Alitenda haki kabisa. Mimi niliisoma taarifa yake, sikuona kasoro. Lakini ile familia iliyorudi haikuamini. Walisema amemchukua mjomba wao ili kumficha, na wakaleta mashahidi wa jambo ambalo halikutokea. Nyumbani kwao nako hakuna aliyempa kiti. Mkewe akachotewa maji ya mwisho kisimani. Kabla ya mwaka kwisha alikuja mwenyewe kuomba ahamishwe, na mama aliyerudi kumuuguza akafa yeye akiwa mkoa mwingine.

Ndiyo maana namwambia mama yangu wa Muyinga: hawakumwondoa mwanao kwa sababu hawakumthamini. Hapa angekuwa mpwa wa fulani kabla ya kuwa polisi. Ng'ambo ya pili ya kesi yenu wangemwona kuwa ni silaha yenu, hata kama hakuitoa mfukoni. Na ninyi wenyewe, samahani kwa kusema hivi, mngemwomba mambo. Mngeanza na jambo dogo: amwachie mtoto wa jirani aliyekamatwa bila kitambulisho. Kisha mngeomba la pili. Kijana wa miaka ishirini na mbili atamkatalia kamanda wake, lakini hatamkatalia mama yake.

Majirani zetu wamelipita njia hii kwa namna zao. Kenya, katika kaunti za wafugaji kule kaskazini, iliwapa silaha polisi wa akiba waliozaliwa hapohapo, kwa sababu mgeni asingeweza kufuata nyayo za mifugo iliyoibwa. Walilijua jangwa kweli. Lakini waliijua pia kesi ya ukoo wao, na mwaka 2019 serikali ililazimika kuzikusanya bunduki za wengi wao ili kuwachuja upya. Tanzania imechagua kumweka mkaguzi wa polisi katika kata, akae na watu mpaka wamjue. Hakuletwa kwa kuwa ni mwenyeji, anafanywa mwenyeji. Mimi napendelea hiyo ya pili, na nitasema kwa nini, nikianza na kosa langu mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa milimani. Nilipopangiwa mwalo mmoja wa pwani hii, vikosi vikiwa vimeunganishwa karibuni tu, sikuwa nimewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Hakuna aliyenieleza chochote. Niliyemrithi alikuwa ameondoka siku mbili kabla; aliniachia daftari, tochi na funguo. Usiku mmoja wa kiangazi niliona taa za boti tatu zikisogea kuelekea ufukweni, mahali ambapo si mwaloni. Nilidhani ni magendo. Nilipiga filimbi, nikamulika tochi, nikapaza sauti waje moja kwa moja niliposimama. Walipiga kelele kunijibu, lakini upepo wa kusi uliyachukua maneno yao. Na hata ningeyasikia nisingeyaelewa yote, kwa maana walisema Kiswahili cha wavuvi. Waliniona nina bunduki, wakatii. Niliposimama palikuwa na mawe chini ya maji.

Boti mbili ziligeuka kwa wakati. Ya tatu ilipasuka. Watu walitoka wote hai, namshukuru Mungu kila siku kwa hilo, lakini wavu ulichanika na karabai nne zilizama. Mzee mwenye boti alitoka majini akiwa ameloa, akanisogelea, akasema kwa upole ulioniumiza kuliko kofi: «Mwanangu, ulituita kwenye mawe.» Walikuwa wamekimbia upepo tu, wakitafuta mahali pa kujificha mpaka utulie. Mvuvi yeyote wa miaka kumi angejua. Hakuna aliyepeleka malalamiko. Nami katika daftari, asubuhi ile, niliandika kwamba usiku ulikuwa shwari.

Niliahidi kumlipa mzee yule karabai zake kutoka katika mshahara wangu. Nilimlipa mbili. Kabla ya kufika ya tatu nilihamishwa. Yeye hayupo tena duniani. Watoto wake wamo humu.

Hiyo ndiyo bei ya kumleta mgeni, na si haki kwamba inalipwa na mvuvi peke yake. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na nchi nne. Sehemu yetu ni kama asilimia nane tu. Mpaka hauonekani. Hakuna jiwe wala mti uliopandwa majini. Siku ya mbingu safi tunaiona rasi ya Ubwari kule Fizi kwa macho yetu, na mvuvi wa ndagala anayefuata samaki kwa taa, akichukuliwa na upepo, anaweza kuamka upande wa pili bila kosa lolote. Msafirisha magendo naye huamka upande wa pili. Tofauti kati yao huonekana kwa mambo madogo: ametoka usiku gani wa mwezi, ana wavu wa aina gani, samaki wake wamelala namna gani ndani ya boti. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazifai kitu, hata mitego ya ndagala hupumzika. Boti yenye taa usiku huo ina maelezo ya kutoa. Haya hayafundishwi chuoni. Yanafundishwa mwaloni, na walimu ndio hawa walioketi mbele yenu wenye mikono yenye magamba.

Liko jambo la pili ambalo ni chungu zaidi, nalo ni lugha.

Askari aliyekulia ndani ya nchi amezoea kwamba Mrundi ni mtu anayesema Kirundi tangu asubuhi mpaka usiku. Anafika Rumonge, anasikia Kiswahili bandarini, sokoni, msikitini, ndani ya nyumba. Anamsimamisha kijana kwenye Barabara ya Taifa namba 3, kijana anajibu kwa Kiswahili, na askari anamwuliza: wewe ni wa wapi? Kijana anasema: wa hapa. Askari anasema: wa hapa wapi? Nimeliona hili kwa macho yangu. Nimemwona mtu mwenye miaka sitini, ambaye babu yake alizikwa Rumonge, akitoa kitambulisho kwa mikono inayotetemeka, si kwa kuwa ana kosa, bali kwa kuwa ameulizwa tena, katika mji wake, kama ana haki ya kuwamo. Na aliyerudi kutoka Ulyankulu, aliyesoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, na ambaye Kirundi chake kina lafudhi ya kambini, yeye huulizwa mara mbili. Alikimbia kwa kuwa aliambiwa si wa hapa. Amerudi, na kijana wa miaka ishirini na mbili anamwuliza lilelile.

Vijana wangu, sheria ya lugha ya mwaka 2014 inakitambua Kiswahili miongoni mwa lugha zinazofundishwa katika nchi hii. Tangu tulipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007 watoto wetu wamekisoma shuleni, na ninyi wengi wenu mmo katika hao. Kiswahili chenu cha darasani kinatosha kuanzia. Mtu kusema Kiswahili si dalili ya kuvuka mpaka. Ulizeni karatasi pale sheria inapotaka, na ulizeni kila mtu kwa namna moja, anayesema Kirundi na anayesema Kiswahili. Na mkishaona karatasi ni halali, rudisheni kwa mkono wa kulia na mseme ahsante. Ni jambo dogo. Lakini nimewaona watu wakilisimulia kwa wiki nzima, lilipofanywa na lilipoachwa.

Nawageukia sasa wakubwa wa kazi, na nitasema kwa heshima, kwa kuwa mstaafu hana cheo cha kuogopa kupoteza.

Makabidhiano yetu ni ya vitu. Tunahesabu bunduki, risasi, pingu, madaftari. Anayeondoka anatia sahihi na anayekuja anatia sahihi. Watu hawahesabiwi. Naomba anayeondoka asiondoke kabla hajatembea na anayekuja kwenye mwalo wake wote, akimwonyesha: huyu ni mzee wa wavuvi, huyu anakodisha mashine za boti, hawa wawili wana kesi ya shamba, usinywe chai kwa mmoja bila kumtembelea wa pili, pale pana mawe. Siku tatu zingetosha. Kama ningepewa siku hizo tatu, boti ile ingekuwa inaelea.

Naomba pia kituo kisibadilishwe chote kwa mkupuo mmoja. Najua kwa nini hufanywa: watu wakikaa sana pamoja huanza kuoza pamoja. Lakini akibaki hata mmoja anayejua ziwa, mwalo hauanzi upya kila mara kama mtoto anayejifunza kutambaa. Na la mwisho kwao: tuache kuwahamisha watu kwa adhabu. Askari aliyekosa mjini akatupwa kwenye posi ya mbali ufukweni hajaadhibiwa yeye. Wameadhibiwa wakazi wa huko, nao hawakukosa.

Kwenu ninyi wakazi, sitasema mmpende askari. Upendo hauagizwi mkutanoni. Nitasema juu ya usiku wa kwanza.

Kijana anashuka garini na begi. Aghalabu posi haina chumba cha kutosha, na mshahara wa kwanza bado. Mahali atakapolala usiku ule, na atakayempa sahani ya ugali na mukeke, ndipo penye hatari kubwa kuliko bandari nzima. Kwa maana mwenye shughuli zake za usiku analijua hilo kuliko sisi, naye huwa wa kwanza kufika na ndoo ya samaki. Hataomba chochote. Atasubiri miezi mitatu. Wazee wa wavuvi na akina mama wa soko, wahini ninyi, na mfanye hivyo hadharani, kwa jina la mwalo wote, ili asiwe mgeni wa mtu mmoja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huku kwetu mpeni kasia.

Na wenye maduka, msimkopeshe mpaka daftari lijae. Nimepokea malalamiko mengi ya askari aliyehamishwa akiacha deni, mengine yakiwa halali kabisa. Deni dogo lisemeni mapema kwa mkuu wake, angali yupo. Deni kubwa lina ubaya wa aina mbili: akiondoka mmepoteza fedha, na asipoondoka mmempata mtu asiyeweza tena kuwakagua. Zipo pia kamati za usalama za mseto, ambamo utawala, polisi na raia hukaa meza moja. Zitumieni kwa mambo kama haya, si kwa hotuba.

Ninyi vijana mtauliza: nasi tutakaa muda gani? Siwezi kuwaambia. Tangu mgawanyo mpya wa nchi, Rumonge iliyokuwa mkoa mwaka 2015 sasa ni tarafa katika mkoa wa Burunga, na ofisi nyingi bado zinapanga upya viti vyake. Yawezekana mkakaa miaka minne, yawezekana mkaitwa kabla ya masika mawili. Ishini kana kwamba mtarudi kununua samaki hapa mkiwa na wake zenu na watoto. Mimi nilirudi. Nilirudi nikiwa mstaafu, nikanunua kiwanja kidogo, nikaenda kwa watoto wa yule mzee na karabai mbili zilizobaki. Siku hizi wanatumia taa za betri. Walizipokea hata hivyo, na moja inaning'inia barazani kwao.

Mama yangu, nimekuona, umekaa palepale nyuma. Nilimpigia simu mwanao juzi kwa ruhusa yako. Yuko salama. Analalamika baridi, na anasema watu wa kule humcheka akipanda mlima, kwa kuwa anahema kama samaki aliyevuliwa. Mzee mmoja jirani na posi yake amempa fimbo ya kutembelea. Nilimwuliza kama anataka kurudi. Akanyamaza kidogo, akasema anataka kurudi, ila si katika sare.

Nami nina ombi moja kwa huyu kijana wa Kayanza anayeshika mashati ya wenzake. Kesho alfajiri, saa kumi na moja na nusu, boti zitakuwa zinarudi. Mzee wa wavuvi amekubali kumpokea yeye na wenzake watano mwaloni, awaonyeshe mahali pa kutua na mahali pa mawe. Mje bila bunduki, kamanda ameruhusu. Vueni viatu, maana mtaloa.